Muziki wa Bara Hindi na Watu Waliouokoa

Katika miji ya kando ya ziwa letu, Mwanza na Musoma, Bukoba na Kisumu, hakuna asiyewajua Wahindi. Babu zetu walinunua nguo na chumvi katika maduka yao, na pamba waliyoilima ilichambuliwa katika viwanda vya Wahindi. Lakini liko jambo moja la watu hawa ambalo wengi wetu hatujalichungua, nalo ni uimbaji wao. Mtu akitajiwa nyimbo za Kihindi hukumbuka sinema tu. Hadhani ya kuwa nyuma ya nyimbo zile iko elimu ya kale, yenye kanuni zake, vitabu vyake na walimu wake, ambayo mwanafunzi huisomea miaka mingi kabla ya kuthubutu kuimba mbele ya wanaojua.

Twataka kuieleza elimu hiyo kwa maneno machache. Tena tunayo sababu ya pili ya kuisimulia. Muziki huu ulilelewa sana katika majumba ya wafalme. Wafalme wale wakaanguka, lakini muziki wao haukuanguka pamoja nao. Sisi nasi kandokando ya ziwa tulikuwa na watemi, na watemi walikuwa na waimbaji na ngoma zao, na enzi ile imekwisha. Basi yafaa tutazame wenzetu walifanya nini.

Kwanza tuseme jinsi uimbaji huu ulivyofika kwetu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na mwezi wa Desemba mwaka 1901 ikafika ukingoni mwa ziwa, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Watu zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi ile. Wengi walirudi kwao mikataba yao ilipokwisha, wengine walikufa, na elfu kadhaa wakakaa. Wafanya biashara nao wakafuata njia ya reli. Mmoja wao, Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, alifungua maduka mengi njiani na kuzunguka ziwa. Kutoka Kisumu bidhaa zilivushwa kwa meli hata Mwanza, uliokuwa mji wa Wadachi zamani zile. Na mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora ikafika Mwanza yenyewe.

Watu hao hawakuwa waimbaji wa wafalme. Walikuwa maseremala, wahunzi, makarani na wenye maduka. Lakini kila jamaa ilikuja na sala zake, na katika sala zile mlikuwa na nyimbo. Masingasinga, ambao wengi wetu huwaita Kalasinga, wana kitabu kitakatifu kiitwacho Guru Granth Sahib, kilichokusanywa kwanza mwaka 1604. Nyimbo za kitabu hicho hazikupangwa kwa habari zilizomo, ila kwa namna za kuziimba, yaani kwa raga, nazo ni raga 31. Mwalimu wao wa kwanza, Guru Nanak (1469–1539), alisafiri nchi nyingi akiimba, na mwenzake aliyempigia zeze alikuwa Mwislamu, jina lake Mardana. Wahindi wa Ismailia nao wana nyimbo ziitwazo ginan, ambazo huimbwa jamatini kwa sauti tupu bila ala, na watoto wamezipokea kwa kuwasikiliza wazazi wao. Wahindu wana nyimbo za sifa ziitwazo bhajan, zinazoimbwa kwa kinanda na tabla. Hivyo raga ilifika ziwani bila kutangazwa, imefungwa ndani ya sala kama mbegu iliyofungwa katika pindo la nguo.

Raga basi ni nini? Kila mtu aliyeimba kwaya anaijua ngazi ya sauti: do, re, mi, fa, so, la, ti. Wahindi nao wanazo sauti saba, na majina yake ni sa, re, ga, ma, pa, dha, ni. Sa yao ni kama do yetu: haikufungwa mahali pamoja, bali huwekwa panapolifaa koo la mwimbaji. Kati ya hizo saba zimo sauti nyingine za kupandishwa au kushushwa kidogo. Hata hapa hakuna jambo gumu.

Lakini raga si ngazi tu. Raga ni ngazi pamoja na mwendo wake. Huamuru sauti zipi zitumike, zipandeje, zishukeje, ipi ipitwe upesi, na ipi iwe mahali pa kupumzika. Tutoe mfano ambao msomaji aweza kuujaribu nyumbani. Chukua sauti tano: do, re, mi, so, la. Nyimbo nyingi za Afrika ya Mashariki huenda kwa sauti tano, basi masikio yetu si mageni hapa. Kwa sauti hizo tano Wahindi wa kaskazini wanayo raga iitwayo Bhupali, nayo ni ya saa za kwanza za usiku. Mwimbaji wake hurudi mara kwa mara kwenye mi, akaituliza sauti yake pale. Kwa sauti zizo hizo wanayo raga nyingine iitwayo Deshkar, nayo ni ya asubuhi. Katika hii mwimbaji hupenda kukaa juu, kwenye la. Sauti hazikuongezwa wala hazikupunguzwa, lakini aliyefundishwa hawezi kuzichanganya. Ni kama ndugu wawili wa mama mmoja: damu ni moja, ila mwendo wa huyu si mwendo wa yule, nawe wawatambua kwa mbali wakija njiani.

Tena Wahindi hawaimbi kwa sauti nne pamoja kama kwaya zetu. Nyuma ya mwimbaji hukaa mtu mwenye tambura, ambayo ni zeze refu, mara nyingi la nyuzi nne, naye huzigusa nyuzi moja baada ya nyingine bila kukoma. Tambura haiimbi wimbo. Huishika sa na kuivumisha, kama ziwa linavyovuma usiku huku watu wakizungumza. Juu ya uvumi huo sauti moja hutembea. Mwanzoni hutembea polepole, pasipo ngoma, wala mara nyingi pasipo maneno, mwimbaji akiifungua raga sauti kwa sauti kama mtu afunguaye mlango wa nyumba yake chumba baada ya chumba. Baadaye ndipo ngoma huingia.

Na ngoma ina sheria yake, iitwayo tala. Tala ni duara la mapigo yaliyohesabiwa, ambalo likiisha huanza tena. Iliyo maarufu kaskazini ina mapigo 16, yamegawanywa manne manne mara nne. Wasikilizaji huihesabu kwa mikono: hupiga kofi penye pigo la kwanza, la tano na la kumi na tatu, lakini penye pigo la tisa huupunga mkono tu hewani, kuonyesha ya kuwa duara limefika nusu. Mwimbaji na mpigaji waweza kuachana na kukimbizana kwa ujanja mwingi, lakini sharti wakutane tena kwenye pigo la kwanza, na wakikutana vema watu hupaza sauti kwa furaha. Mpiga tabla hujifunza mapigo kwa mdomo kabla ya mkono. Kila pigo lina tamko lake, naye huyasema matamko hayo upesi upesi hata yakae kichwani, ndipo aguse ngozi.

Sasa tueleze historia yake kwa ufupi. Chanzo chake ni cha kale sana, kwani nyimbo za ibada za Wahindu ziitwazo Sama Veda zilikuwapo miaka mingi kabla ya kuzaliwa kwake Kristo. Kipo pia kitabu kikuu cha kale juu ya michezo ya kuigiza, ngoma na sauti, kiitwacho Natyashastra, ambacho wenyewe humhesabia mwenye hekima Bharata. Katika karne ya 13 mtu mmoja wa Devagiri, jina lake Sarngadeva, aliandika kitabu cha elimu ya sauti ambacho Wahindi wa kaskazini na wa kusini hukiheshimu sawasawa. Baada ya hapo njia zikagawanyika. Kaskazini walitawala wafalme Waislamu, na desturi za Uajemi zikaingia katika uimbaji. Kusini mambo ya kale yalikaa zaidi katika mahekalu. Hivyo hata leo yako matawi mawili: la kaskazini huitwa Hindustani, na la kusini Karnataka.

Jina kubwa kuliko yote kaskazini ni Tansen, aliyeimba katika baraza la mfalme Akbar, aliyetawala mwaka 1556 hata 1605. Husimuliwa ya kuwa alipoimba raga ya taa, taa ziliwaka zenyewe, na ilipoimbwa raga ya mvua, mawingu yalikuja. Sisi ambao wazee wetu walingoja mvua kwa macho yao yote twajua hadithi ya namna hiyo yatoka wapi: watu husimulia hivyo juu ya kitu wanachokithamini kuliko mali. Kaburi lake liko Gwalior, na waimbaji hukusanyika huko kila mwaka kumkumbuka.

Kusini humtaja Purandara Dasa (1484–1564) kuwa baba wa mafundisho, kwa maana yeye ndiye asemwaye kuwa aliyapanga mazoezi ambayo mtoto huanzia hata leo. Baada yake wakatokea watatu, wote wenyeji wa mji wa Tiruvarur: Syama Sastri (1762–1827), Tyagaraja (1767–1847) na Muthuswami Dikshitar, aliyefariki mwaka 1835. Yasemwa ya kuwa Tyagaraja aliitwa na mfalme wa Tanjore ili amwimbie apewe mali, naye akakataa, kwani aliona nyimbo zake ni za Mungu wake wala si za kuuza. Wanafunzi wake ndio waliozichukua na kuzieneza. Wafalme wa Tanjore hawapo tena. Nyimbo za Tyagaraja zipo, na kila mwaka waimbaji wengi huketi pamoja kando ya mto katika mji wa Thiruvaiyaru, alikofia, wakaziimba kwa sauti moja.

Na hapa twafikia kiini cha maneno yetu, yaani jinsi mafundisho yalivyotolewa. Mwanafunzi hakununua kitabu. Alikwenda kukaa nyumbani kwa mwalimu, ambaye Wahindu humwita guru, na Waislamu ustadi. Alichota maji, alifagia, aliketi nyuma ya mwalimu na kuisikiliza sauti ile ile mwaka baada ya mwaka. Kaskazini mwalimu alimfunga mwanafunzi uzi mkononi kuwa ni alama ya agano. Katika njia hiyo zikatokea jamaa za uimbaji, ziitwazo gharana, kila moja na mtindo wake: ya Gwalior, ya Agra, ya Kirana na nyinginezo. Ndani ya jamaa hizo Waislamu waliwafundisha Wahindu, na Wahindu waliwaheshimu walimu wao Waislamu kama baba zao.

Njia hii ina nguvu kubwa, kwa sababu sauti haiandikiki yote. Iko sehemu ambayo hupita kwa sikio tu. Lakini ina hatari yake. Walimu wengi walizificha nyimbo zao bora, wakawapa wana wao peke yao, au hata wana wao wakanyimwa. Na mali iliyofichwa huenda kaburini pamoja na mwenye kuificha.

Hatari hiyo ilionekana wazi katika karne ya 19. Mwaka 1856 Waingereza walimwondoa mfalme wa Lucknow, aliyependa sana muziki. Mwaka 1857 yalitokea maasi makubwa, na baada yake ufalme wa Delhi ukakoma. Waimbaji wakatawanyika. Wengine walipata hifadhi kwa wafalme wadogo waliosalia, lakini kila mtu mwenye akili aliona ya kuwa hifadhi hiyo nayo si ya milele. Je, wimbo ambao umelishwa na mfalme utakula nini mfalme akiondoka?

Wawili walijibu swali hilo kwa vitendo. Wa kwanza ni Vishnu Digambar Paluskar (1872–1931). Utotoni macho yake yaliumizwa na fataki wakati wa sikukuu, ndipo akatiwa katika masomo ya uimbaji. Alipokuwa mtu mzima aliondoka kwenye hifadhi ya wafalme, akaenda mji wa Lahore, ambao leo umo Pakistan, na mwezi wa Mei mwaka 1901 akafungua shule ya muziki iliyotegemea msaada wa watu wote, si kipaji cha mfalme mmoja. Mwaka huo huo ndipo reli ilipofika ziwani kwetu. Shuleni pale watoto wa watu wa kawaida walipokewa, na wasichana pia, jambo ambalo watu wengi wenye heshima walikuwa wakiliogopa. Aliandika nyimbo kwa alama na kuzipiga chapa, na wanafunzi wake wakaenda miji mingine kufungua shule kama ile.

Wa pili ni Vishnu Narayan Bhatkhande (1860–1936), mwanasheria wa Bombay. Huyu aliiacha sheria akaanza kusafiri nchi nzima, kutoka mwalimu hata mwalimu, akiomba nyimbo na kuziandika. Wengine walimfukuza, wengine walimpa nusu, wengine walimpa yote. Akazipanga raga za kaskazini katika makundi kumi, akazitoa nyimbo zile katika vitabu ili kila asomaye azipate. Mwaka 1916 ulifanyika mkutano wa kwanza wa nchi nzima juu ya muziki huko Baroda, naye ndiye aliyekuwa nguzo yake. Na mwaka 1926 chuo cha muziki kikafunguliwa Lucknow, mji ule ule ambao ulikuwa umepoteza mfalme wake miaka 70 nyuma.

Hawakukosa kulaumiwa. Mabingwa wa kale walisema ya kuwa raga iliyotiwa karatasini ni kama samaki aliyekaushwa: aonekana ni samaki, ila haogelei. Nasi twakiri ya kuwa neno hilo lina kweli ndani yake, kwani waimbaji wengi walio wakubwa wameendelea kutoka miguuni pa mwalimu mmoja, si katika darasa la watu thelathini. Lakini shule zilitoa kitu kingine ambacho hakikuwapo zamani kwa wingi, yaani wasikilizaji. Mwenye duka, karani na mama wa nyumbani walijifunza kuitambua raga na kuihesabu tala, na kwa hiyo wakawa tayari kulipa ili kumsikia bingwa. Basi, Bara Hindi lilipopata uhuru mwaka 1947, na milki zaidi ya mia tano za wafalme wadogo zikaunganishwa na nchi, muziki haukuzikwa. Redio ya serikali iliwaajiri wapigaji na waimbaji. Hata Ravi Shankar (1920–2012), ambaye baadaye aliijulisha Ulaya na Marekani ala ya sitari, alifanya kazi katika redio ya Delhi tangu mwaka 1949. Wasikilizaji ndio walioketi katika kiti kilichoachwa na wafalme.

Liko neno moja zaidi la kujifunza hapa, nalo lahusu ala za kigeni. Watu wengi huogopa ya kuwa kitu cha mgeni kikiingia, cha mwenyeji hufa. Kusini mwa Bara Hindi ndugu yake Muthuswami Dikshitar, jina lake Baluswami (1786–1859), alijifunza fidla ya Wazungu huko Madras. Hakuwa Mzungu kwa ajili hiyo. Alikaa chini sakafuni kama baba zake, na nyuzi zake zikafungwa upya zipate kufuata raga. Na leo ni nadra mwimbaji wa kusini kuimba pasipo fidla kando yake. Kinanda cha mivukuto nacho kilitengenezwa Ufaransa katika miaka ya 1840 na Alexandre Debain, na wamisionari wakakipeleka Bara Hindi kwa ajili ya makanisa. Mafundi wa Calcutta wakakifupisha, wakaiondoa miguu yake, wakakifanya cha kuvutwa kwa mkono mmoja, ili mpigaji aketi chini. Wengine walikichukia, kwa sababu vibao vyake haviwezi kuteleza kutoka sauti hadi sauti kama koo la mtu. Redio ya nchi ilikikataza mwaka 1940, na katazo hilo halikulegezwa hata mwaka 1971. Lakini watu hawakukiacha, na kinanda hicho ndicho walichokileta Wahindi kando ya ziwa letu, katika mahekalu yao. Kilitoka kanisani Ulaya, kikafika Afrika kikiwa Mhindi.

Wakristo wa Bara Hindi nao walitenda vivyo hivyo kwa upande wao. Vedanayagam Sastriar (1774–1864) wa Tanjore alifundishwa na mmisionari Mjerumani aitwaye Schwartz, lakini alipotunga nyimbo za Kikristo alizitunga kwa lugha ya Kitamil na kwa raga za kwao. Baadaye Mkristo mwingine wa Kitamil, Abraham Pandithar (1859–1919), alitoa mwaka 1917 kitabu kikubwa sana juu ya elimu ya sauti za Karnataka. Hawakuona ya kuwa kubadili dini ni kubadili masikio.

Turudi kwetu. Pwani yetu ilichukua mengi kutoka muziki huu. Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928 kutiwa sauti katika sahani za santuri. Kinanda na tabla vikaingia katika taarab. Na Juma Bhalo wa Mombasa (1942–2014) aliyatia mashairi ya Kiswahili katika tuni za filamu za Kihindi. Filamu zenyewe zilibeba raga bila watazamaji kujua. Ile ya mwaka 1952 iitwayo Baiju Bawra yahusu mwimbaji aliyeshindana na Tansen, na fundi wake wa muziki, Naushad, alizijenga nyimbo zake juu ya raga hasa. Huku bara kando ya ziwa sauti hizi zilikaa zaidi katika nyumba za sala. Baada ya mwaka 1971, serikali ilipotwaa majumba mengi ya kupangisha, Wahindi wengi waliondoka Tanzania. Na mwaka 1972 wenzao wa Uganda wakafukuzwa. Jamaa zilizobaki Mwanza ni ndogo kuliko zamani. Hata hivyo nyimbo zao hazikuhitaji umati; zilihitaji mzazi mmoja na mtoto mmoja.

Na sisi je? Buhaya na Bukerewe walikuwako wapigaji wa enanga, ubao uliochimbwa wenye nyuzi saba au nane, walioimba habari za mashujaa usiku kucha. Na wenye sifa kubwa waliitwa katika mabaraza ya wafalme. Usukumani kila mtemi alikuwa na ngoma za enzi yake. Mwaka 1963 sheria iliondoa utawala wa watemi na machifu katika Tanganyika, na mabaraza yale yakanyamaza. Habibu Selemani, mwimbaji mashuhuri wa enanga aliyefariki mwaka 1993, aliandikwa na Profesa Mulokozi wa Dar es Salaam kuwa kama wa mwisho wa aina yake. Profesa huyo alizikusanya tenzi za enanga kama Bhatkhande alivyozikusanya raga, naye anastahili shukrani.

Lakini tazameni jambo lingine la Usukumani. Tangu karne ya 19 wachezaji wamegawanyika katika vyama viwili, Bagika na Bagalu, vinavyowataja waanzilishi wao Ngika na Gumha. Kila manju ni wa upande mmoja, kama mwimbaji wa Kihindi alivyo wa gharana yake, na baada ya mavuno pande hizi mbili hushindana mbele ya watu, kila moja ikijaribu kuwavuta watazamaji waache duara la wenzao. Vyama hivi havikulishwa na mtemi. Vililishwa na watazamaji. Kwa hiyo watemi walipoondoka, vyenyewe havikuondoka. Na huko Bujora, karibu na Kisesa, Padre David Clement kutoka Canada alianza katika miaka ya 1950 kuziingiza ngoma na tuni za Kisukuma katika ibada, na pakatokea makumbusho ambamo vitu na ngoma za watemi zimehifadhiwa.

Basi wasomaji, mambo ya Bara Hindi na ya kwetu hukubaliana katika neno moja. Wimbo haufi kwa sababu mfalme ameondoka, wala kwa sababu kinanda cha mgeni kimeingia nyumbani. Hufa mzee aujuaye anapokosa mtoto wa kuketi karibu naye, na mtoto anapokosa watu wa kumsikiliza. Vitabu vyafaa, na makumbusho yafaa, lakini ngoma iliyotundikwa ukutani haifundishi mtu mapigo yake. Sisi walimu tunao watoto kila siku, na katika kila kijiji wako wazee wasioulizwa kitu. Tuwapeleke watoto kwa wazee hao, na daftari liende nao. Mtoto aimbe kwanza. Akiisha kuimba vema, ndipo aandike.